Kilima kimoja, picha sita: namna ya kuona mwaka mzima wa shamba kwa sekunde kumi



Muulize mkulima shamba lake lilikuwaje mwezi wa tisa uliopita. Atakujibu bila kusita: «Ilikuwa tu muzuri.» Muulize jirani yake, atakuambia kitu kingine. Wote wawili hawasemi uongo. Kilima tunakiona kila siku, na kitu kinachoonekana kila siku kinabadilika polepole mbele ya macho yetu bila sisi kukitambua. Ni kama mtoto wa nyumbani: mama yake haoni anavyorefuka, ila shangazi akitoka Butembo baada ya mwaka mmoja anashika kichwa.

Katika somo hili tunawaonyesha kazi moja ndogo, isiyoomba pesa nyingi: kupiga picha za kilima kimoja, kutoka mahali pamoja, katika majira mbalimbali ya mwaka, halafu kuziunganisha ziwe picha moja inayosogea. Ukiitazama, unaona udongo ukiwa wazi, mbegu ikiota, maharagi yakifunika ardhi, mavuno yakitoka, kiangazi kikiingia. Mwaka mzima unapita kwa sekunde kumi hivi. Telefoni moja yenye kamera inatosha kuanza. Kinachohitajika zaidi ni uvumilivu.

Kazi hii haikuanza kwetu

Kule Machakos, nchini Kenya, picha za vilima zilipigwa mwaka 1937, wakati udongo ulikuwa unakwisha na wengi walisema wilaya ile imekufa. Mwaka 1991 watafiti walirudi mahali palepale na kupiga tena. Watu walikuwa wameongezeka mara kadhaa, na kila mtu angefikiri kilima kimeharibika zaidi. Picha zilionyesha kinyume: matuta ya «fanya juu» kila upande, miti mingi, mashamba yaliyoshikwa vizuri. Kitabu kilichoeleza habari hiyo kilitoka mwaka 1994, na mpaka leo maagronomu wanakitumia kufundisha.

Karibu zaidi na sisi, kwenye mlima Ruwenzori unaoonekana kutoka upande wa Beni, Mwitaliano Vittorio Sella alipiga picha za barafu mwaka 1906. Wanaolinganisha picha zake na za siku hizi wanaona kwamba sehemu kubwa ya barafu ile imekwisha kuyeyuka. Hakuna mzee aliyeweza kukumbuka jambo hilo lote peke yake. Picha zimekumbuka kwa ajili yetu.

Wale waliacha miaka mingi kati ya picha na picha. Sisi wakulima tunataka pia kuona kinachopita kati ya sezoni na sezoni, kwa sababu hapo ndipo tunapoamua.

Tuliyoyaona kwenye kilima kimoja juu ya Sake

Tulianza kazi hii mwezi wa tisa mwaka 2022 pamoja na koperative moja ya upande wa Masisi, juu ya Sake. Kilima chao kina mteremko mkali. Nusu ya kwanza ilikuwa na mistari ya setaria iliyopandwa kukata mteremko, ili kuzuia mmomonyoko. Nusu ya pili haikuwa na kitu, kwa kuwa wenye mashamba walikataa.

Mabishano yalikuwa makali. Baba mmoja alisema kwenye mkutano: «Hii majani inakula shamba yetu bure. Pale ningepanda mistari mbili ya maharagi.» Wengine walitaka kuing'oa kabisa. Sisi maagronomu tulieleza tulivyojifunza shuleni, lakini maneno ya shuleni yalikuwa yamekwisha kusikika mara nyingi.

Mwezi wa nane mwaka 2023, kabla ya sezoni A, tuliwaletea picha sita za mwaka ule zikiwa zimeunganishwa. Tuliweka kompyuta ndogo juu ya meza, watu wakasogea. Mara ya kwanza walicheka tu, kwa kuwa migomba ilionekana kama inacheza. Mara ya tatu kicheko kilikwisha. Chini ya ile nusu isiyo na majani, kwenye njia ya kuteremka, alama ya rangi ya kahawia ilitokea katika picha ya mwezi wa kumi. Mwezi wa pili ilikuwa pana zaidi. Mwezi wa nne ilikuwa imeifunika njia yote. Upande wa pili wa kilima, njia ilibaki ileile mwaka mzima.

Mama mmoja alisimama akaweka kidole kwenye kioo: «Agronomu, hii si njia. Hii ni shamba yangu iko inashuka ku barabara.»

Hatukuongeza neno. Siku ile walikubaliana mambo matatu: kuacha setaria iliyokuwepo, kupanda mistari mipya upande wa pili, na kuikata kwa zamu ili mbuzi wale na kivuli kisisumbue maharagi. Yule baba aliyelalamika hakufurahi sana, na alikuwa na haki kwa sehemu: majani yale kweli yanachukua nafasi. Lakini sasa aliweza kupima mwenyewe anachopoteza kwa majani na anachopoteza kwa maji.

Kwanza: chagueni mahali pa kusimama

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Picha zote zinapaswa kutoka mahali pamoja, kwa urefu mmoja, zikielekea upande mmoja.

1. Simameni ng'ambo ya kilima, si juu yake. Kutoka kilima cha pili mnaona mteremko wote.
2. Wekeni alama ya kudumu pale mnaposimama. Kwetu mawe ya volkano hayakosekani: jengeni rundo dogo au chomekeni jiwe refu. Kijiti cha mti kitachukuliwa kwenda kupika.
3. Pimeni urefu wa kushikia telefoni. Fimbo ya mita moja na nusu inafaa. Itunzwe kwa katibu wa koperative, na kila mpigaji aweke telefoni juu ya fimbo hiyohiyo.
4. Chagueni vitu viwili visivyosogea ndani ya picha, kimoja karibu na kimoja mbali, kwa mfano jiwe kubwa na ncha ya mlima nyuma yake. Vikipangana sawasawa, mmesimama vizuri. Visipopangana, sogeeni hatua moja.

Kwenye hiyo ya nne tunawaambia kosa letu. Tulichagua mkaratusi mrefu kuwa alama. Mwezi wa pili tulipofika, mti haukuwepo: mwenyewe alikuwa ameukata na kuuza mbao, matawi yakawa makala. Tulipoteza karibu saa nzima kutafuta tulikosimama. Msichague mti, na msichague nyumba ya mabati inayoweza kuhamishwa. Jiwe na mlima havihami.

Pili: chagueni siku sita za mwaka

Hamhitaji picha kila wiki. Katika kalenda yetu ya Kivu, picha sita zinaonyesha mambo makubwa:

– Katikati ya mwezi wa 9: shamba limelimwa kwa sezoni A, udongo uko wazi.
– Mwisho wa mwezi wa 10: mbegu imeota, mvua inapiga ardhi ambayo haijafunikwa.
– Katikati ya mwezi wa 12: majani yamefunika shamba.
– Mwisho wa mwezi wa 2: mavuno ya A yametoka, shamba limetayarishwa kwa sezoni B.
– Mwisho wa mwezi wa 4: mvua nyingi.
– Katikati ya mwezi wa 7: kiangazi.

Angalieni ya kwanza, ya pili na ya nne. Ndizo tunazoweza kuziita picha za hatari. Udongo uko uchi na mvua inakuja. Tone la mvua likianguka juu ya jani, nguvu yake inavunjika. Likianguka juu ya udongo mtupu, linaupasua, na maji yanayoteremka yanabeba ile sehemu nyembamba ya juu yenye mbolea. Mkikosa picha moja ya mwezi wa 12, si vibaya sana. Msikose ya mwezi wa 10.

Pigeni saa ileile kila mara. Saa mbili za asubuhi inafaa kama ukungu umeondoka. Jua la saa sita linafuta vivuli na kilima kinaonekana bapa kama karatasi. Kukiwa na ukungu au moshi, ngojeni kesho yake. Siku mbili au tatu hazibadilishi kitu, lakini picha isiyoonekana haitasaidia mtu.

Shikeni telefoni kwa kuilaza, si kuisimamisha. Msivute picha karibu kwa vidole. Kabla ya kupiga, fungueni picha ya kwanza kwenye telefoni ya pili na mlinganishe: ncha ya mlima iko mahali pake? Jiwe liko kwenye kona ileile? Pigeni mara tatu, mtachagua iliyo nzuri.

Tatu: daftari inaenda pamoja na picha

Picha haisemi jina la mbegu. Kila mara katibu aandike kwenye daftari: tarehe, aliyepiga, kilichopandwa, mvua ilivyokuwa wiki ile, kazi iliyofanyika (kulima, kupalilia, kukata setaria), na ugonjwa kama upo. Mistari mitano inatosha.

Mkituma picha kwa agronomu kwa WhatsApp, mtume kama fichie, si kama picha ya kawaida. Ikitumwa kama picha inapunguzwa na vitu vidogo vya mbali vinapotea. Wekeni nakala mahali pawili, maana telefoni inaweza kuanguka kwenye maji au kuibiwa.

Nne: kuunganisha

Kazi hii inafanyika kwenye kompyuta, na kijana yeyote wa koperative anayejua kuitumia kidogo anaweza kuijifunza kwa siku moja. Sisi tunatumia programu ya GIMP, ambayo hailipiwi.

Fungueni picha zote sita kama tabaka, moja juu ya nyingine, kama karatasi zilizopangwa. Punguzeni mwanga wa tabaka la juu mpaka lile la chini lionekane kupitia kwake. Sogezeni la juu mpaka jiwe lilale juu ya jiwe, na ncha ya mlima juu ya ncha ya mlima. Fanyeni hivyo kwa kila picha, kisha kateni kingo zilizozidi. Msiposawazisha vizuri, kilima kizima kitarukaruka na macho yatafuata kuruka kwake badala ya kufuata udongo.

Sasa picha zibadilike taratibu. Ukizipanga sita tu, moja inaondoka ghafla na nyingine inaingia. Afadhali ya pili iingie ndani ya ya kwanza polepole. Chukueni nakala ya picha ya mwezi wa 9, wekeni juu yake picha ya mwezi wa 10 ikiwa na nguvu ya asilimia 25 tu, muungane ziwe moja. Rudieni kwa asilimia 50, kisha 75. Mmepata picha tatu za katikati. Fanyeni hivyo kati ya kila picha na ya pili yake, hata kati ya mwezi wa 7 na mwezi wa 9, ili mwaka uzunguke bila kukatika. Jumla ni picha 24: sita za kweli na 18 za katikati.

Wekeni sekunde moja kwa kila picha ya kweli, na sehemu ya tano ya sekunde kwa kila ya katikati. Katika GIMP muda huo unaandikwa kwenye jina la tabaka, kwa mfano (1000ms) au (200ms). Punguzeni upana mpaka nukta 640 hivi ili fichie isiwe nzito, halafu hifadhini kama GIF, mkikubali iwe yenye kusogea na kurudia. GIF inabeba rangi 256 tu, kwa hiyo kijani kitapungua uzuri kidogo. Kwa kazi yetu hiyo haina shida. Picha zenyewe za mwanzo msizifute.

Mwandike jina la mwezi kwenye kona ya kila picha ya kweli. Bila hilo, watu watabishana ni mwezi gani.

Na kama hakuna kompyuta? Toeni picha sita kwenye studio mjini, zote kwa ukubwa mmoja, mzishone upande mmoja kama kitabu kidogo, mzifunue haraka kwa kidole gumba. Au mzibandike kwa mstari kwenye ukuta wa depo. Haisogei, lakini inasema mambo yaleyale.

Tano: kuisoma, na kujua mipaka yake

Itazameni mara ya kwanza bila kusema. Mara ya pili, kila mtu achague sehemu moja tu ya kufuata: njia, mto, migomba, mpaka wa shamba. Hapo ndipo mambo yanatokea.

Lakini tusiidai isichoweza. Kijani si lazima iwe afya: magugu pia ni kijani. Picha haihesabu kilo za maharagi, kazi hiyo ni ya mizani na daftari. Migomba ikionekana ya manjano kutoka mbali, inaweza kuwa mnyauko wa bakteria ambao tunaujua vizuri hapa Kivu, au inaweza kuwa kiangazi tu. Lazima mtu aende, akate kidole cha ndizi na kuangalia ndani. Picha inakuambia uende wapi. Haikuondolei safari.

Usalama kwanza

Tunaandika sehemu hii kwa herufi za kawaida, lakini isomeni mara mbili.

Msipige picha penye askari, kizuizi, silaha au gari la jeshi, wa upande wowote. Kama wamekaa kwenye kilima chenu, acheni, hata kama mwaka utakosa picha. Mjulisheni chifu wa kijiji kabla ya kuanza, na mwende watu wawili au watatu mchana, mkiwa mnajulikana. Zimeni kazi ya telefoni inayoandika mahali picha ilipopigwa. Na kwa kuwa picha inaonyesha mipaka ya mashamba, ombeni ruhusa kwa kila mwenye shamba, mkubaliane mapema kwamba haitapelekwa kwenye kesi ya ardhi bila wote kujua. Picha iliyopigwa kwa ajili ya udongo isije ikazaa uadui.

Picha zisizokuwepo

Turudi kwenye kile kilima cha juu ya Sake. Mwezi wa tisa mwaka 2023 walipanda mistari mipya ya setaria, kama walivyoamua. Tuna picha ya siku ile, ya mwezi wa kumi, na ya mwezi wa kumi na mbili. Mwezi wa pili mwaka 2024 vita vilifika, na watu wa Sake na vijiji vya karibu walikimbia kuelekea Goma. Katibu alikimbia na watoto, godoro na daftari.

Picha iliyofuata ni ya mwezi wa tisa mwaka 2025. Kati yake na ile ya mwisho kuna nafasi tisa ambazo hakuna mtu aliyesimama penye jiwe.

Tulipoanza kuunganisha, kijana mmoja wa koperative alishauri turudie picha za mwaka wa kwanza kwenye nafasi zile, ili isionekane imekatika. Tulijadiliana, na wanakoperative wenyewe walikataa. Kwenye nafasi tisa tuliweka mraba mweusi wenye mwezi na mwaka tu. Ukiitazama leo, kilima kinakwenda kijani na kahawia, kijani na kahawia, halafu giza, kisha kinarudi kikiwa msitu wa magugu.

Picha ile ya kurudi ndiyo iliyosaidia kupanga kazi. Setaria ya zamani ilikuwa imesimama, imekuwa ndefu, na nyuma yake udongo umejikusanya kama ngazi. Mistari mipya haikupata muda wa kushika: ng'ombe walipita na kuila, na ile alama ya kahawia kwenye njia imefika sasa mpaka kwenye mto. Kwa hiyo walijua pa kuanzia. Hawakuwa na nguvu za kulima kilima chote sezoni ile. Walianza na mistari mitatu ya juu kabisa upande ulioharibika, wakichukua vipando kwenye setaria ya zamani, ileile ambayo wengine walitaka kuing'oa.

Ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwenye kilima chenu, ni mwezi gani udongo unakaa uchi kwa siku nyingi zaidi? Nani anaweza kuthibitisha?
2. Mahali gani panafaa kusimama, na mawe gani mawili yatakuwa alama?
3. Nani atashika fimbo na daftari, na nani atachukua nafasi yake akisafiri au akiugua?
4. Kuna uamuzi gani katika koperative yenu ambao umekwama kwa sababu kila mtu anakumbuka tofauti?

Sezoni A iko karibu. Chagueni jiwe lenu kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi, na mpige picha ya kwanza shamba likiwa bado tupu. Mwaka ukizunguka, mtuonyeshe mlichokiona.